Treni iliyokuwa ikichoka kwenye mawaridi

Shemeji alinitumia picha moja tu, bila salamu. Mataruma matatu ya plastiki yamelegea kama mshumaa uliosahauliwa juani, na katikati yake kiungio cha reli kimebadilika rangi, kahawia kwa zambarau. Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe: "Shem, njoo na mita yako. Dada yako asijue."

Dada alikuwa ameshajua. Jumamosi nilipofika ndiye aliyenifungulia mlango. "Mwambie shemeji yako," akasema, "kama anataka kuchoma kitu, jiko la mkaa liko stoo."

Wanaishi mji mdogo karibu na Nuremberg, Ujerumani. Shemeji ni dereva wa basi. Mimi ni fundi umeme. Kazi nilijifunzia Tanga, na sasa nafunga nyaya za majengo hukuhuku. Treni za bustani si fani yangu, lakini umeme ni uleule, na kisa hiki nakiandika kwa sababu lawama yote iliangukia mtambo wa dijitali, ambao tangu mwanzo haukuwa na kosa.

Kwanza mniruhusu niseme kwa nini mtu mzima wa miaka hamsini na kitu anatandika reli kwenye bustani yake. Shemeji alizaliwa Tabora, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Ile Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Treni za bustani za chapa ya LGB, zilizotoka mwaka 1968 hapohapo Nuremberg, hupita kwenye reli zenye upana wa milimita 45, na kipimo chake ni 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5: milimita 1,012. Yaani reli ya mita moja, hiihii yetu. Siku shemeji alipopiga hesabu hiyo kwenye meza ya chakula, dada anasema, ndipo alipompoteza mume. Soko la mitumba lililofuata alirudi na maboksi mawili ya reli na vichwa viwili vya treni.

Njia aliyojenga ina mita 42. Inatoka kwenye banda la vifaa, inapita kando ya uzio, inazunguka kidimbwi, inakata katikati ya mawaridi ya dada kisha inarudi. Upande wa mbali kuna sehemu ya kupishana treni, na hapo amesimamisha kibao kidogo cha mbao kilichoandikwa TABORA. Kazi ya udongo na kokoto aliifanya vizuri sana, nakiri. Reli ni za shaba njano, nzuri na nene. Ila zilikuwa zimetoka kwenye seti za watoto, kwa hiyo karibu zote ni vipande vya sentimita 30. Gawa mwenyewe mita 42 kwa vipande hivyo: 140. Kila kipande kinaungana na mwenzake kwa vibati viwili vya shaba vya kuchomeka, kimoja kila upande. Jumla vibati 280, vimelala kwenye udongo, vinapigwa na mvua na barafu.

Shikeni namba hiyo, 280. Yeye alikuwa hajaihesabu.

Mwaka wa kwanza aliendesha kwa mtindo wa zamani: transfoma yenye kitufe cha kuzungusha, ukiongeza volti treni inaongeza mwendo. Ilikwenda, ingawa upande wa mawaridi ilikuwa inajikongoja. Akaambiwa na muuzaji wa vifaa vilivyotumika kwamba dawa ni dijitali. Ukiwa na dijitali, alisema yule bwana, treni mbili zinakwenda njia moja kila moja na mwendo wake, na tena unahitaji nyaya mbili tu. Shemeji akanunua mtambo wa dijitali wa ampea 5 na rimoti yake, kisha akatumia nyaya mbili zilezile nyembamba zilizokuja na seti ya watoto, za nusu milimita ya mraba, akaziunga hadi zikafika mita 6 kutoka bandani hadi kwenye reli. Mahali pamoja. Basi.

Hayo maneno ya "nyaya mbili tu" si uongo kamili, na ndiyo maana yanadanganya vizuri. Mfumo wa dijitali unaotumika zaidi, DCC, unafanya kazi hivi: relini umeme unakuwepo kamili muda wote, kama volti 20 hivi, treni iwe inakwenda au imesimama. Kinachobadilika ni mwelekeo wake, unageuka maelfu ya mara kwa sekunde, na ujumbe umo kwenye urefu wa kila mgeuko. Nusu ya wimbi ikichukua maikrosekunde 58 hiyo ni moja. Ikichukua 100 hivi, hiyo ni sifuri. Ndani ya kila kichwa cha treni kuna kisahani cha elektroniki, dikoda, kinachosoma zile moja na sifuri. Ni kama mwalimu anaita mahudhurio: darasa zima linasikia kila jina, lakini anayeitika ni mmoja. Dikoda ikisikia namba yake inachukua umeme kutoka relini na kuupa mota kwa kiasi ilichoambiwa.

Kwa hiyo kweli, kwa habari nyaya mbili zinatosha. Kwa chakula hazitoshi. Mwalimu anaweza kuita majina ya watoto mia kwa sauti moja, lakini uji wa watoto mia haupiti kwenye mrija wa soda.

Wiki ya kwanza ya dijitali ilikuwa vituko. Vichwa vyote viwili viliondoka pamoja kwa amri moja na kugongana, kwa sababu dikoda mpya hutoka kiwandani na namba 3, na yeye alikuwa na mbili mpya. Hilo alilitatua mwenyewe: unaweka kichwa kimoja peke yake kwenye kipande cha reli cha kupangia, unaandika namba mpya kwenye rejista ya kwanza ya dikoda, CV1, imekwisha. La treni kuchoka kwenye mawaridi lilibaki palepale. Kichwa kikifika huko taa zinafifia, mota inasita, wakati mwingine kinasimama kabisa na kuanza upya chenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini. Akabadilisha dikoda. Akabadilisha rimoti. Alikuwa karibu kubadilisha mtambo wote.

Halafu ikaja jioni ile. Behewa la nyuma liliacha reli kwenye njia panda ya Tabora, gurudumu la chuma likakaa juu ya reli mbili kwa pamoja. Hiyo ni shoti ya wazi. Mtambo wowote wa dijitali umejengwa kukata umeme hapohapo shoti inapotokea. Huu haukukata. Yeye alikuwa ameingia ndani kula, na alipotoka baada ya robo tatu ya saa alikuta harufu ya plastiki na ile picha aliyonitumia.

"Kwa hiyo mtambo ni mbovu," aliniambia tukiwa tumechuchumaa kando ya reli. "Usalama wake haufanyi kazi."

"Umepima?"

"Nimepima, shem. Volti 20 hapa, 20 kule kwenye mawaridi, 20 kila mahali. Nyaya ni nzima."

Hapo ndipo wengi wanapopotelea, na si wa treni tu. Mita inapopima volti haivuti umeme wowote wa maana. Ni kama kupima presha ya bomba lililoziba nusu huku koki imefungwa: presha iko kamili. Fungua koki uoge, ndipo utajua maji yanatoka kwa matone.

Nilikuwa nimekuja na koki. Taa ya mbele ya lori, volti 24, wati 70, ambayo pale ingevuta ampea mbili na nusu hivi, kama kichwa kizito kinachopanda mlima na mabehewa yake. Nikaondoa treni zote relini. Msisahau hilo, maana dikoda nyingi zikiona umeme wa DC, yaani usiogeuka mwelekeo, zinadhani ni mfumo wa zamani na treni inatimka. Nikachomoa mtambo wa dijitali, nikaweka mahali pake pawasaplai yangu ya kazini, volti 20 za DC. Mita za kawaida hazisomi vizuri wimbi la DCC, na sikutaka tubishane kuhusu mita. Kisha tukapigilia vigingi kila baada ya mita 3, kigingi sifuri pale nyaya zinapoingia relini, na mpwa wangu wa miaka kumi akapewa daftari.

Kigingi sifuri, taa inawaka: 18.8. "Mjomba, imepungua tayari," akasema mtoto, na alikuwa sahihi. Volti 1.2 zilikuwa zimeshaliwa na zile mita 6 za waya mwembamba, kwenda na kurudi mita 12, kabla umeme haujagusa reli. Kigingi cha kwanza, 17.4. Cha nne, kidimbwini, 14.5. Cha saba, ambacho ndicho nusu ya mzunguko kamili, 12.6. Taa ya lori sasa ilikuwa na rangi ya chungwa.

Hapa nilitegemea namba zianze kupanda. Njia ni mduara. Ukishapita nusu unakuwa unarudi nyumbani kwa upande wa pili, na umeme nao unakuja kutoka upande huo. Hazikupanda. Kigingi cha tisa, Tabora, 11.8. Tukaacha vigingi tukaenda kiungio kwa kiungio, mimi nikiwa na taa, mtoto na mita, shemeji akishika matawi ya waridi yasinichome. Kipande kimoja kabla ya shina kubwa la waridi: 11.6. Kipande kinachofuata, sentimita 30 mbele: 14.6.

Volti 3 zimeruka kwenye kiungio kimoja.

Nikakiinamia. Kwa macho kilikuwa kizima, kibati kimekumbatia reli zote mbili. Nikaingiza bisibisi nikakivuta: ndani kulikuwa na unga wa kijani na punje za mchanga, na reli moja ilikuwa imevutwa nyuma kiasi kwamba ilikuwa inakishika kwa ncha ya ukucha. Ardhi ya bustani hupanda na kushuka barafu ikishika na kuyeyuka, na hiki kilikuwa kimeshafumuka bila kuonekana. Hakikuwa kinapitisha kitu. Reli ya nje ilikuwa imekatika pale, kwa hiyo mduara wa shemeji, kiumeme, haukuwa mduara bali kiatu cha farasi. Umeme wa reli ya nje ulikuwa unafika Tabora kwa njia ndefu ya mita karibu 30, ukipenya viungio karibu mia, badala ya kuja kwa njia fupi ya mita 12.

Sasa hesabu ya shoti, ambayo ilimfanya shemeji akae chini kwenye ukingo wa kidimbwi. Kutokana na namba za daftari, ukinzani wote kutoka bandani hadi karibu na mawaridi, waya na viungio pamoja, ulikuwa kama omu 4.3. Weka shoti kamili pale. Volti 20 gawa kwa 4.3 ni ampea 4.65. Mtambo wake unakata ukizidi ampea 5.

"Kwa hiyo haukuona shoti," akasema.

"Uliona treni nzito. Ukaendelea kuilisha, kama ulivyouagiza."

Wati 93 kwa robo tatu ya saa, zote zikageuka joto njiani. Sehemu kubwa ilisambaa kwenye viungio vingi bila madhara, lakini kulikuwa na kile kimoja cha kwenye picha. Tulikipima peke yake, taa ikiwa inawaka karibu na mawaridi: volti 0.9 kutoka upande wake mmoja hadi wa pili. Kwa ampea zile za shoti, hicho kibati chenye ukubwa wa ukucha kilikuwa kinatoa wati 10. Ni kama umeweka pasi ndogo ya kulehemu juu ya plastiki ukaenda kula ubwabwa.

Reli yenyewe, kwa wale watakaouliza, haikuwa na hatia. Shaba njano inapitisha umeme vibaya kuliko shaba nyekundu, lakini reli ni nene mno kiasi kwamba mita 21 zake hazifiki hata sehemu ndogo ya ukinzani tuliopima. Walaji ni vibati. Na dijitali haikuumba tatizo hili wala haikulitatua. Kwa mtindo wa zamani ulikuwa unaongeza kitufe tu treni ikizubaa, ukadhani ni mlima. Kilichobadilika ni kwamba sasa nguvu kamili iko relini saa zote, na usalama wako unategemea shoti kuonekana kuwa shoti.

Shemeji alitaka kuanza kwa kulehemu viungio vyote 280 siku hiyohiyo. Nikamkataza. Shaba njano hurefuka: mita 42, tofauti ya nyuzi 50 kati ya usiku wa Januari na reli iliyopigwa jua la Julai, unapata karibu milimita 40 kwa jumla. Ukiifunga yote iwe kitu kimoja itajipinda yenyewe. Na mtu anayelehemu vitu 280 atakosea kumi, kisha hatajua ni vipi.

Tulichofanya ni kuacha kuitegemea reli kuwa waya. Tukalaza kebo ya kuzika ya milimita 2.5 za mraba kutoka bandani, matawi mawili, moja kila upande wa mzunguko, yasikutane kule mwisho. Kutoka kwenye kebo tukapandisha nyaya fupi za kulisha reli sehemu sita, kila baada ya mita 7. Sasa hakuna sehemu ya njia iliyo mbali na mlo kuliko mita tatu na nusu, yaani viungio kumi na mbili hivi, na kiungio kimoja kikifa umeme unaingia kwa upande wa pili. Pale nyaya zinapogusa reli hatukulehemu wala kubana kwa waya wa kusokota. Tuliweka klampu za skrubu, na chini yake reli imesuguliwa hadi ing'ae na kupakwa grisi ya grafaiti ili maji yasiingie. Kile kiungio cha mawaridi na kile kilichoungua tuliviondoa na kuweka klampu hizohizo.

Rangi: waya wa kahawia ni reli ya nje, bluu ni reli ya ndani, kila mahali, bila ubishi. Ukigeuza sehemu moja tu kati ya sita umetengeneza shoti ya kudumu, na shemeji aligeuza ya nne. Lakini tulikuwa tunawasha baada ya kila moja, kwa hiyo tulijua papo hapo ni ipi. Anayefunga zote sita ndipo awashe atakesha. Na kwa kuwa kebo hiyo kwa nje inafanana kabisa na ya umeme wa nyumba, niliifunga vibandiko kila mita mbili: TRENI, VOLTI 20. Siku moja mtu mwingine atachimba pale apande viazi, na sitaki azoee kwamba kebo nyeusi ya bustanini haina madhara.

Hilo linanipeleka kwenye jambo pekee lililonikasirisha kweli. Pawasaplai ya mtambo, ile inayochomekwa kwenye volti 230, niliikuta nje, chini ya chungu cha maua, imefungwa mfuko wa plastiki, na ekstensheni ikipita kwenye majani. Mfuko ulikuwa na matone kwa ndani. Watoto wanacheza pale peku. Nikairudisha bandani, kwenye soketi yenye kikata umeme cha kuvuja cha milimampea 30, juu ya rafu. Kinachotoka kwenda bustanini kisizidi volti 24. Kwenye hili sikumtania.

Mwisho wa kila tawi la kebo niliweka rezista ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 zilizofuatana, kuunga waya na waya. Nyaya ndefu zikikatiwa umeme ghafla zinarusha mshtuko wa volti unaoweza kuua dikoda. Hivyo viwili vinaumeza. Rezista iwe ya wati 3. Ya robo wati itaungua yenyewe, maana lile wimbi linaifanyisha kazi ya wati moja na zaidi mchana kutwa.

Baada ya hapo tukarudia taa ya lori, vigingi vyote. Ya chini kabisa sasa ilikuwa 18.2, na haikuwa Tabora, ilikuwa kidimbwini. Kisha mtambo wa dijitali ukarudishwa, na ukaja mtihani wenyewe. Wenye treni ndogo za mezani huweka sarafu juu ya reli kuona kama umeme unakata. Huku sarafu haifiki: ya yuro 2 ina milimita 25.75, pengo ni 45. Tukatumia spana. Mpwa wangu alitembea kigingi hadi kigingi akiiweka relini, na bandani mtambo ukawa unajibu kwa mlio na taa nyekundu. Kigingi kwa kigingi, ulikata. Pale Tabora aliirudia mara tatu kwa raha zake.

Mawili madogo yalibaki. Kichwa cha kwanza kilikuwa kinawasha na kuzima taa kadiri unavyoongeza mwendo: hatua moja taa, inayofuata giza. Shemeji aliamini ni mguso mbovu, na baada ya siku ile nani angemlaumu. Lakini hii haikuwa ya nyaya hata kidogo. Rimoti ilikuwa inatuma mwendo kwa hatua 28, dikoda ya zamani ilikuwa imepangwa kusoma hatua 14. Katika ujumbe wa hatua 14 kuna biti moja inayosema "washa taa"; katika ule wa hatua 28 biti hiyohiyo ndiyo inayotofautisha hatua na hatua. Dikoda ilikuwa inaona mwendo ikaelewa taa. Tukabadilisha CV29 kutoka 4 kwenda 6, na taa ikatulia.

La pili: alikuwa na kichwa cha tatu, cha kuazima, kisicho na dikoda, alichokiacha kimesimama relini. Kilikuwa kinaunguruma kama nyuki chupani, na mota yake ikawa ya moto hata kidole hakikai. Umeme wa DCC kwa mota tupu ni kusukumwa mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde bila kwenda popote. Kitolewe, au kiwekewe dikoda. Tulikiwekea, na kabla ya kuunga chochote nilimwonyesha shemeji kipimo kimoja: mita kwenye mlio, waya mmoja kwenye gurudumu, mwingine kwenye mguu wa mota. Ikalia. Maana yake mota bado imeshikana na reli kwa njia fulani, na dikoda ingekufa dakika ya kwanza. Tulikuta kibati cha shaba ndani ya kizimba cha giaboksi, tukakikata, mita ikanyamaza. Kutoka hapo ni rangi tu: nyekundu na nyeusi kwa magurudumu, chungwa na kijivu kwa mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, bluu ya pamoja.

Jioni treni mbili zilizunguka, moja ikingoja mwenzake Tabora. Dada alitoka na chai, akasimama muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza kama mawaridi yake yatapona.

Shemeji sasa anataka kitanzi cha kugeuzia treni upande wa uzio, ili ziwe zinarudi zilikotoka. Nimemwambia inawezekana, ila pale reli ya nje inakuja kukutana na ya ndani, ambayo ni shoti kwa umbo lake. Kitanzi kikatwe reli zote mbili, mwingilio na mtokeo, kiwe kirefu kuliko treni yake ndefu kuliko zote, na kiwekewe kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Akapima uzio. Treni yake ndefu haienei kwa mabehewa mawili, na hataki kupunguza behewa.

Mwezi wa nne, baada ya baridi, walipima tena bila mimi. Mtoto alinitumia picha ya ukurasa wa daftari, vigingi vyote kwa mwandiko wake, na kimoja amekizungushia duara jekundu: kigingi cha tano, 16.1. Chini yake baba yake ameandika kwa kalamu nyingine, "Tumeshakiona. Kokoto imeingia."